Uji Haufuti Taarifa

Pasaka iliyopita nilienda nyumbani Kericho. Jumapili tuliingia kanisani mapema ili Mama apate kiti karibu na mlango, kwa sababu magoti yake hayavumilii tena ibada ya saa tatu. Alichuna majani chai miaka kumi na tisa, kikapu mgongoni, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Magoti hayo ndiyo pensheni anayoiona kila siku.

Mahubiri yalikuwa juu ya upendo usio na masharti. Katikati yake pasta akamwita Mama mbele.

"Huyu mama alikosewa," akasema. "Sote tunajua. Lakini aliyemkosea alipopatwa na kiharusi, ni nani alimpelekea uji?"

Kanisa likapiga makofi. Mzee mwenyewe alikuwa safu ya kwanza, fimbo ameiegemeza kwenye goti. Zamani alikuwa nyapara wa Mama, katika shamba ambalo sitalitaja. Pasta akawaambia wasalimiane. Mzee akanyoosha mkono wake mzima na kusema, "Chamgei." Mama akajibu, "Chamgei mising." Kama hujui Kikipsigis, ndani ya salamu hiyo mna neno la kupenda. Wanawake wawili nyuma yangu walilia. Mimi nilipofikiwa na mkono huo nilijifanya natafuta simu mfukoni.

Baada ya ibada wazee watatu walimwita Mama kwenye ofisi ya kanisa, nami nikafuata bila kualikwa. Mezani kulikuwa na barua ya kwenda polisi. Ilisema kwamba yeye, kwa hiari yake na kwa upendo wa Kristo, anaondoa taarifa aliyoandikisha dhidi ya mzee huyo. Jina lake lilikuwa limeandikwa tayari, tarehe ya siku hiyo imewekwa. Ilibaki sahihi tu. Yaani barua ilichapishwa kabla ya mahubiri kuhubiriwa.

"Kama umempelekea uji," mmoja wao akamwambia kwa upole kabisa, "taarifa ni ya nini tena?"

Mama hakutia sahihi. Alisema atafikiria, akachukua mkoba wake. Jioni, tukiwa tunakunywa chai, shangazi yangu alitupa maneno ambayo yamenifanya niandike haya. "Shida yenu," alisema, "upendo wenu una masharti."

Shangazi, kwa heshima zote, nakataa.

Nianze na kilichotokea. Nyapara alimtaka Mama. Mama alikataa. Tangu siku hiyo alipangiwa sehemu za mbali zenye mteremko mkali, na jioni kwenye mizani kilo zake zikawa pungufu kuliko za jirani aliyechuna naye bega kwa bega. Alipolalamika aliulizwa kama anajua kusoma mizani kuliko msimamizi. Mambo hayo yaliendelea misimu miwili, mpaka nyapara alipohamishiwa sehemu nyingine. Huko alikohamishiwa walikuwepo wengine, na si wote waliokuwa na nafasi ya kukataa.

Wasomaji wa Nairobi wataniuliza kwa nini hakuacha kazi. Kwa sababu katika shamba la chai kazi ndiyo nyumba. Ukifutwa, unatoka kwenye chumba cha kampuni na watoto wako, na watoto wanatoka kwenye shule iliyo karibu na chumba hicho. Nyapara hahitaji kukutisha kwa maneno. Yeye ndiye anayesema utachuna wapi, yeye yuko kwenye mizani, na jina lako la wiki ijayo liko kwenye daftari lake. Ukimwambia mwanamke aliye chini ya mtu kama huyo kwamba ampende bila masharti na anyamaze, umemwongezea nyapara mamlaka ambayo hata kampuni haikumpa. Sasa anayo na ya Mungu.

Wala hili si jambo la Mama peke yake. Februari 2023 BBC ilirusha uchunguzi wake juu ya mashamba ya chai ya Kericho, mashamba yaliyokuwa yameendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Zaidi ya wanawake 70 waliwaambia waandishi kwamba wasimamizi wao waliwadhulumu kingono. Mwandishi wa kike aliyejifanya anatafuta kazi alibeba kamera ya siri, na nchi nzima ikaona jinsi kazi inavyoombewa mwili. Wasimamizi kadhaa walisimamishwa, wabunge wakataka uchunguzi, maduka makubwa ya Uingereza yakatoa taarifa za kusikitika. Kwetu, Jumapili iliyofuata, maombi yalikuwa ya kuombea "jina la Kericho lililochafuliwa". Niliposimuliwa hilo nilicheka, halafu nikakosa usingizi. Tuliliombea jina.

Ilikuwa baada ya filamu hiyo ndipo Mama, akiwa ameshastaafu, alipovaa nguo yake ya kanisani na kwenda kuandikisha taarifa. Kwanza ofisi ya kampuni, halafu dawati la jinsia polisi. Hakuniambia mpaka aliporudi. Miezi michache baadaye wanawake wawili wadogo kwake waliandikisha zao, juu ya mtu yuleyule. Mwaka uliofuata kiharusi kikampiga mzee. Mama akaanza kumpelekea uji wa wimbi kila Alhamisi, kwa sababu mke wake alikuwa ameshafariki na watoto wako mbali. Na ni uji huo ndio kanisa lilioutwaa likaugeuza kuwa kifutio.

Hapo ndipo ninapogombana na mahubiri yetu. Kuna maneno mawili tunayatumia vibaya. La kwanza ni "mtu mgumu". Mtu mgumu ni shangazi yangu, ambaye hajawahi kusifu chakula alichokila kwa mtu mwingine. Mtu mgumu ni mwenzako wa ofisini asiyejibu salamu, ni baba mkwe anayekukumbusha mahari kila Krismasi, ni jirani wa ploti anayefungulia redio usiku wa manane. Watu hao wanatakiwa kupendwa kwa uvumilivu, na uvumilivu huo ni kazi ya maisha yote. Mimi mwenyewe naishindwa kila mwezi. Lakini mtu anayetumia mizani ya kampuni kumlazimisha mwanamke aingie nyumbani kwake si mgumu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, kifungu cha 23, inampa mtu wa namna hiyo kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Ukimweka pamoja na jirani mwenye redio, umemdharau jirani na umemficha mhalifu.

La pili ni hilo "bila masharti". Upendo hauna masharti, sawa. Naamini hivyo na sitaki kulipunguza. Mungu wangu hakungoja nitengenezeke ndipo anipende. Lakini cheo kina masharti. Uaminifu una masharti. Ufunguo wa nyumba yako, mimbari ya kusomea Neno, mizani ya kupimia jasho la wengine, vyote hivyo vina masharti, na vinapaswa kuwa nayo. Ninaweza kumpenda mtu kabisa nisimkabidhi mtoto wangu. Hakuna mzazi asiyeelewa hili, mpaka pale mtu anayetuhumiwa anapokuwa mzee wa kanisa.

Tufungue hicho kitabu tunachopigiana nacho. Amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako haikuanza na Yesu. Imo katika Mambo ya Walawi 19:18. Sasa soma mstari ulioitangulia, wa 17. Unakataza kumchukia ndugu moyoni, na papo hapo unaagiza kumkemea akikosea, ili usishiriki dhambi yake. Maagizo hayo yamefuatana kama vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo anayeninyima kumkemea nyapara, ati kwa sababu ya upendo, ameikata amri katikati akanipa nusu.

Wanapenda pia kutukumbusha kusamehe saba mara sabini. Imo Mathayo 18. Katika sura hiyohiyo, mistari michache juu, kuna utaratibu: ukikosewa mwendee mtu huyo mkiwa wawili, asiposikia chukua shahidi mmoja au wawili, akikataa bado, liambie kanisa. Mashahidi! Bwana mwenyewe alitaka mashahidi. Mama alimwendea peke yake zamani, akaambulia mteremko. Akaenda kwa kikundi cha akina mama kanisani, akaambiwa aombe. Hatua ya tatu kanisa lilikuwa na zamu yake, nalo likapiga makofi.

Na shavu la pili? Nimelisikia tangu Sunday school. Lakini usiku aliokamatwa, mtumishi mmoja alipompiga Yesu mbele ya kuhani mkuu, hakugeuza shavu kimya. Alimtaka aeleze: kama nimesema vibaya shuhudia, na kama sivyo, kwa nini unanipiga? Ni katika Yohana 18. Muda mfupi baadaye aliwaombea msamaha waliomsulubisha. Alidai maelezo na alisamehe, na hakuna lililomzuia jingine.

Kama hiyo ni Biblia na unataka jirani wa karibu, nenda Uganda mwaka 1977. Februari 16 mwaka huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa akiwa mikononi mwa serikali ya Idi Amin. Siku chache baadaye Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, mtoto wa ule Uamsho wa Afrika Mashariki ulioyafikia hata makanisa yetu ya Kenya, aliambiwa kwamba anatafutwa. Yeye na mkewe walivuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Watu wengi walikasirika. Hata leo ukilisoma jina hilo unashtuka.

Angalia alichofanya mtu huyo aliyempenda Amin. Alikimbia. Hakubaki Kigezi ili kuthibitisha upendo wake kwa shingo yake. Na huko alikokimbilia alizunguka nchi moja baada ya nyingine akieleza mauaji yaliyokuwa yakifanyika Uganda. Hakuna aliyemwandikia barua ya kuondoa ushahidi, na kama angeandikiwa, sidhani angetia sahihi. Alikataa kumchukia Amin, na alikataa kumfichia.

Tena sisi watu wa Kericho hatupaswi kufundishwa tofauti hii. Tunaijua vizuri sana linapokuja suala la wengine. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, karibu na ziwa, mahali pa malaria na mbung'o. Ardhi nyingi ya Wakipsigis iligeuzwa mashamba haya ya chai tunayoyapiga picha tukipita na matatu. Mwaka 2023 Mfalme Charles alikuja Kenya, akazungumza juu ya huzuni na majuto makubwa kwa yaliyotendwa enzi za ukoloni, lakini hakuomba msamaha rasmi. Siku hiyo nyumbani kila mtu alikuwa wakili. Shangazi huyuhuyu alisema, huzuni bila kurudisha kitu ni maneno ya mgeni anayeaga. Alisema kweli. Sasa nauliza: kwa nini tunadai ukweli na fidia kutoka London, halafu mwanamke wa kijiji chetu akidai ukweli tu, bila hata senti, tunamwambia upendo wake una masharti?

Tulifanya hivyo pia baada ya 2008. Rafiki wa Mama, Mkisii aliyekuwa akiishi mlango wa tatu kutoka kwetu, alifukuzwa Januari ile na watu aliowajua kwa majina. Aliporudi, palifanyika mkutano wa amani, soda zikagawanywa, mikono ikapeanwa. Kabati lake alilikuta limesimama sebuleni kwa mmoja wa waliompa mkono. Hakuna mtu mkutanoni aliyetaja kabati. Zakayo alipookoka hakungoja kuulizwa: aliahidi kurudisha mara nne. Sisi tulimwokoa Zakayo tukamwachia na kabati.

Sasa nigeukie upande wetu, vijana wa mjini, maana najua baadhi yenu mmeshafurahi sana kufikia hapa. Sisi tumepata injili nyingine. Ukikosewa, kata. Mblock. Linda amani yako. Mama mzazi akiongea vibaya, "toksiki". Rafiki akisahau siku yako ya kuzaliwa, "toksiki". Manze, tumelitumia neno hilo mpaka limekuwa kama chumvi, linaingia kwenye kila sufuria. Mimi nimekaa miaka minne bila kuongea na kaka yangu kwa sababu ya pesa ambayo leo haiwezi kulipa kodi ya mwezi mmoja, na nilijisifu kwamba nimejiwekea mipaka. Haikuwa mipaka. Niliogopa mazungumzo magumu nikaipa hofu jina zuri.

Kwa hiyo Mama alipoanza kupeleka uji nilimpigia simu nikiwa nimewaka. Nilimwambia anajidhalilisha, kwamba yule mzee anavuna alichopanda, kwamba watu watamcheka. Aliningoja nimalize.

"Ana njaa," akasema.

"Lakini Mama, umemwandikisha polisi!"

"Ndiyo. Kwani nilidanganya?"

Nilikosa la kujibu, na nimeendelea kulikosa. Kwake mambo hayo mawili hayakuwa yanagombana hata kidogo. Mtu ana njaa, unampa uji. Mtu alitenda uovu, unasema alitenda. Waliotaka lile la kwanza lifute la pili walikuwa wazee wa kanisa. Niliyetaka la pili lifute la kwanza nilikuwa mimi. Sote tulikuwa tunamtaka awe na masharti.

Najua pingamizi litakalokuja. Mzee ni mgonjwa, ameshaadhibiwa na mwili wake, kesi itamfaidi nani? Nitajibu. Wale wanawake wawili. Mama ndiye wa kwanza kuandikisha; akijiondoa, wanabaki peke yao, wadogo, wakiwa bado wanafanya kazi, na kila mtu kijijini atasema hata yule mama mcha Mungu ameona hakuna kesi. Mama ana haki ya kusamehe deni lake. Hana haki ya kusamehe la wengine kwa kalamu yake, na kanisa halina haki ya kumwomba. Halafu kuna mzee mwenyewe. Kama kweli tunampenda bila masharti, tunamtakia toba, na toba ina maneno yake: nilifanya hivi, kwa fulani. Tangu augue amepewa uji, makofi, na kiti cha mbele. Hakuna aliyempenda vya kutosha kumketisha na kumwuliza.

Basi ninadai nini? Mambo madogo, tena ya bei nafuu. Mzee wa kanisa akitajwa katika taarifa ya namna hii, asisome Neno mbele ya waumini wala asishike sadaka mpaka jambo liishe; hiyo haisemi ana hatia, inasema tu kwamba waliomtaja nao ni washiriki. Pawe na wanawake wawili wanaojulikana, wasio wake wa wazee, wa kupokea malalamiko na kumsindikiza mtu mpaka polisi au kwa afisa wa leba. Kampuni iambiwe waziwazi kutoka mimbarini kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono, na kwamba kanisa linataka kuiona ikibandikwa karibu na mizani. Na mtu yeyote asiitwe mbele kusalimiana na aliyemuumiza huku watu wakitazama. Salamu ya namna hiyo haina hiari ndani yake. Nani angekataa mkono huo mbele ya kanisa zima? Mimi nilijificha nyuma ya simu, na mimi hakunifanya lolote.

Shangazi, kuhusu masharti: wewe nakupenda bila masharti, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kukublock. Kaka nimempigia simu mwezi uliopita. Tuliongea dakika nne, nyingi zikiwa za hali ya hewa. Pesa tutaizungumza, kwa sababu nataka aseme kwamba aliichukua, na mimi nina yangu ya kusema.

Barua ya wazee iko kwenye droo ya Mama, chini ya vitambaa, bila sahihi. Wamemkumbusha mara mbili. Alhamisi iliyopita nilimpigia saa nne asubuhi, hakupokea. Alipiga baadaye, akaniambia alikuwa amepeleka uji, na kwamba safari hii mzee alijaribu kushika kikombe mwenyewe akamwagikia kifuani, ikabidi amfute. Kisha akaniuliza kama ninajua ni lini kesi itatajwa tena, maana anataka kushona gauni la kuendea mahakamani mapema, fundi asije akachelewesha.